Tuzo za muziki: Mshindi hupatikana kabla ya kura

Aprili 2, 2022, Tuzo za Muziki Tanzania zilirudi jukwaani katika Ukumbi wa Kimataifa wa Mikutano wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, baada ya kimya kilichoanza 2015. Tangu hapo, kila msimu wake unapofika, mabishano ya vijiweni Mtwara, kuanzia Chikongola hadi stendi ya Mikindani, huwa ni yale yale: nani kapigiwa kura nyingi, nani kaibiwa, nani kabebwa. Mabishano matamu, sikatai. Ila yanaanza kwenye hatua ya mwisho. Kura zinapofunguliwa, kazi kubwa ya kuchagua imekwisha kufanyika, na kwa mtu wa mwambao huu wa kusini, hapo nyuma ndipo pa kutazama.

Tuzo hizi zilianza 1999 chini ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, chombo kilichoundwa kwa Sheria Namba 23 ya 1984. Umaarufu wake uliletwa na bia. Kampuni ya Bia Tanzania ilizidhamini kwa chapa yake ya Kilimanjaro, ikatoa fedha, matangazo na jukwaa la kisasa, na watu wakazoea kuziita Kili. Hivi ndivyo waimbaji wa taarab, ambao wengi wao hawagusi bia, walivyosimama mwaka hadi mwaka chini ya nembo ya kinywaji kupokea heshima yao. Hakuna aliyeona ajabu, au aliyeona alinyamaza. Mdhamini alipokaa pembeni, sherehe nayo ikasimama. Taifa zima lilikaa miaka saba bila tuzo yake ya muziki, kwa sababu heshima ya wasanii ilikuwa imefungwa kwenye bajeti ya matangazo ya bidhaa moja.

Utaratibu wenyewe umebadilika mara kadhaa, lakini mifupa yake haijabadilika sana. Kwanza kazi hupendekezwa au huwasilishwa. Kisha hupita kwenye mchujo wa watu wanaoitwa wadau: watayarishaji wa muziki, watangazaji, madijei, waandishi, wanamuziki wakongwe. Hao ndio wanaoamua wimbo uingie kipengele gani, uwe hip hop au bongo fleva, uwe dansi au zouk, na majina machache yanayobaki ndiyo yanayotangazwa kuwania. Baada ya hapo ndipo mwananchi hukaribishwa, enzi za Kili kwa ujumbe mfupi wa simu, sasa zaidi kwa mtandao, na uamuzi wa majaji huchanganywa na kura za watu.

Kwenye kura ndiko vurugu zote zilipo, na vurugu huuza magazeti. Mwaka 2014 Diamond Platnumz aliondoka na tuzo 7 kwa usiku mmoja. Mwaka uliofuata Alikiba akautawala usiku. Mashabiki waliojiita Timu Diamond na Timu Kiba walipiga kura kama watu wa Simba na Yanga wanaokwenda uwanjani: hakuna aliyekuwa anasikiliza wimbo wa upande wa pili ili kuupima. Kura ya namna hiyo haina ubaya wake, inatueleza nani ana watu wengi wenye vifurushi. Tunakosea tunapoitaka itueleze wimbo upi umetungwa vizuri.

Hata ukishinda kwa kishindo, hujui kesho yako. Mwaka 2011, 20 Percent, kijana wa Kimanzichana kule Mkuranga, mji unaoupita ukiwa kwenye basi la kuja kusini, alibeba tuzo 5. Jina lake lilikuwa kila redio. Miaka michache baadaye watu wakawa wanauliza yuko wapi. Tuzo tano zilimpa usiku mmoja mkubwa, hazikumpa meneja wala mkataba unaoeleweka.

Twende kwenye mlango wa kuingilia sasa, maana hapo ndipo Mtwara inapobaki nje.

Tuzo ziliporudi, msanii alitakiwa awasilishe kazi yake mwenyewe. Majina makubwa kadhaa hayakuonekana kwenye orodha ya wanaowania mwaka ule wa 2022, mashabiki wakalalamika, na jibu likawa jepesi: hawakuleta kazi zao. Kama msanii mwenye lebo, mwanasheria na vijana wa kumshughulikia mtandao anaweza kukosekana kwa sababu hiyo, fikiria kikundi cha ngoma cha Msimbati, mtu aondoke na bodaboda kwenye mchanga mpaka barabara kuu, aje mjini kutafuta mahali pa kuskani vyeti. Fikiria wapigaji wa Kitaya au Kilambo, jirani na kivuko cha Mto Ruvuma, ambao nusu ya ndugu zao wako ng'ambo ya pili, Msumbiji, na ngoma yao haijui mpaka.

Tuseme lakini kwamba wamefika, mtandao upo, na mtu mwema amewasaidia kujaza. Mfumo wowote wa kuwasilisha muziki huuliza mambo yale yale. Wimbo ulitoka lini? Lazima uwe wa mwaka husika. Nani mtunzi? Nani mtayarishaji? Video iko wapi? Jaribu kujibu maswali hayo kwa ajili ya sindimba, ngoma ya Wamakonde. Ilitoka lini? Imekuwapo kabla ya mzee wa kikundi kuzaliwa, na wakati huo huo imetoka Jumamosi iliyopita, kwa sababu kiongozi wa nyimbo alichomeka maneno mapya kuhusu bei ya korosho mnadani. Mtunzi ni nani? Ni yeye, na wale wanaomwitikia, na aliyeuanzisha, ambaye amekwisha kufa. Mtayarishaji? Labda yule anayekaa karibu na moto akikaza ngozi za vinganga ili zilie kwa sauti ya juu, na asipokaza vizuri ngoma nzima inalala. Huyo ana kazi nzito kuliko mtu wa kompyuta, lakini hana kipengele.

Wapo watakaosema kipengele kipo, cha nyimbo zenye vionjo vya asili. Ni kweli kilikuwepo, na kilifanya jambo jema. Mwaka 2010 Mrisho Mpoto, mtu wa Songea, alishinda kwa Nikipata Nauli aliyoimba na Banana Zorro, na sidhani kama kuna aliyenung'unika. Ila sikiliza kipengele chenyewe kinatafuta nini. Kinatafuta vionjo, yaani wimbo wa studio uliotiwa ngoma kidogo, wenye dakika nne na mwisho unaoeleweka. Ngoma inayoanza saa mbili usiku na kumalizika alfajiri haiwezi kuingia humo mpaka ikatwekatwe.

Serikali ilikwisha kujaribu kukata. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni, ngoma za mikoani zilitafutwa kwa ajili ya kikundi cha taifa, na sindimba ya Wamakonde ikawa miongoni mwa zilizopata bahati. Ikachezwa mbele ya wageni wa serikali, ikafundishwa shuleni, ikajulikana hata na watu wasioweza kuionyesha Newala kwenye ramani. Hiyo nayo ilikuwa tuzo ya aina yake. Ngoma ilipata sifa nchi nzima, na majina ya wapigaji waliokwenda kuifundisha hayakufika popote.

Watu wa huku hawakungoja Dar es Salaam iwafundishe kushindana. Pwani nzima ya Afrika Mashariki ilikuwa na beni, ngoma ya mabendi yenye vyeo vya kijeshi na sare, iliyogawanya miji kati ya Marini na Arinoti. Walishindana kwa mavazi, kwa matari, kwa nyimbo za kejeli na kwa karamu, na upande mmoja ulikuwa radhi ufilisike ili wenzao waaibike. Askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliisambaza mpaka bara. Nani alishinda? Kila upande ulisema ni wao, na mwaka uliofuata walikutana tena.

Kwa Wamakonde wa uwandani na wa pande zote mbili za Ruvuma, ngoma ya vinyago ina hukumu kali zaidi. Mchezaji huja amevaa kinyago, mwili wote umefunikwa, na kila kinyago ni mtu fulani: askari, Mzungu, mzee mlevi, mke mwenye maringo. Kikundi kimoja kikipiga hapa na kingine pale, watazamaji wana miguu. Kinyago kikichosha, duara linapungua, watu wanahamia kwa jirani, na wapigaji wanaona kwa macho yao huku mikono iko kwenye ngozi. Anayependezwa anaingia katikati, anatunza, anarudi. Huwezi kununua vifurushi elfu moja kujaza duara. Ukitaka watu wabaki, piga vizuri.

Nyimbo nyingine za huku hazitaki kura kabisa. Makungwi wa unyago wanajua nyimbo ambazo kwa utunzi, kwa mafumbo na kwa mapigo zinaweza kuaibisha vipengele vyote vya mwandishi bora. Lakini ni za ndani, kwa wari na kwa wanawake waliokwisha kupitia, na heshima yao ni kutotangazwa. Bi Kidude wa Unguja aliubeba muziki wa unyago, wenye mizizi mingi huku bara ya kusini, mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki wa dunia, kwa kazi ya maisha yake yote. Hakuna aliyeombwa kutuma namba ya kipengele. Watu wanaojua muziki walikaa, wakakubaliana kwamba bibi huyu anastahili, wakampa. Alifariki Aprili 2013, na jina la tuzo ile bado hutajwa kila anapotajwa.

Njia ile inanipendeza kwa ngoma za kusini kuliko ushindani wa mwaka kwa mwaka. Mtwara kumekuwa na mfano wake mdogo: tamasha la MaKuYa, lililoanzishwa 2008 na shirika la ADEA la hapa hapa mjini, jina likiunganisha Wamakonde, Wamakua na Wayao. Vikundi vilitoka vijijini vikaja mjini, Uwanja wa Nangwanda Sijaona, vikacheza mbele ya watoto wa shule na watu wazima ambao wengine walikuwa wanaona ngoma ya jirani yao kwa mara ya kwanza. Kikundi hakikuhitaji kutoa singo ili kialikwe.

Kuna atakayenijibu kwa jina moja: Harmonize. Rajabu Abdul, mtoto wa Chitohori mkoani hapa, ameshika mashabiki ndani na nje ya nchi na ameliweka jina la Konde kwenye lebo yake. Kwa hiyo mlango uko wazi, au siyo? Tazama ameupitia wapi. Alikwenda Dar es Salaam kama maelfu ya vijana wa kusini waendao kuhangaika Kariakoo. Alijaribu Bongo Star Search, majaji hawakumpitisha. Alipopata nafasi 2015 kwa Aiyola, ilikuwa kupitia WCB, lebo ya Diamond, yaani ndani ya nyumba iliyokwisha kuwa na ufunguo. Gesi ya Mnazi Bay, kule Msimbati, nayo ilianza kusafiri kwa bomba kwenda Dar es Salaam mwaka huo huo, na hakuna anayedhani mtungi unaweza kujazwa kisimani Msimbati. Harmonize ni fahari yetu. Lakini hajawahi kuwa ushahidi kwamba mchujo unafika Tandahimba.

BASATA wana uwezo wa kuufikisha bila gharama ya kutisha. Singeli ilidharauliwa kwa miaka kuwa ni kelele za Manzese na Tandale, na tuzo ziliporudi ikapewa kipengele chake. Ina maana vipengele si msahafu. Kikundi cha ngoma kinaweza kupata chake, kikaamuliwa na watu waliokwenda kukitazama kikicheza, si kwa kura ya simu. Mtu mmoja wa kusini, awe mtangazaji wa redio ya Safari au ya Jamii FM aliyezoea kurekodi vijijini, anaweza kukaa kwenye jopo la mchujo, maana jopo la watu wanaosikiliza redio za Dar es Salaam pekee litapitisha nyimbo za redio za Dar es Salaam. Na heshima ya maisha inaweza kutolewa kwa mpigaji aliye hai, nyumbani kwake, mbele ya watu wake, kabla hajawa picha kwenye skrini ya ukumbi.

Vinyago vya kuchonga vya Wamakonde tayari vinafika Dar es Salaam na kuheshimiwa. Nenda Mwenge, ambako wachongaji wenye asili ya uwanda wa Makonde wamekaa miaka mingi, uone mashirika na ofisi zinavyonunua mpingo wa kuwazawadia wageni wao. Mkono wa mchongaji unajulikana, una bei, na kazi yake hupewa rais wa nchi nyingine.

Mpigaji naye hajafichika. Halmashauri zina maofisa utamaduni, na vikundi vya ngoma wanavijua, kwa sababu ndivyo wanavyoviita kila Mwenge wa Uhuru unapopita na kila waziri anaposhuka uwanja wa ndege. Kwa waziri hutafutwa haraka, hupewa usafiri na maji ya chupa, hucheza dakika kumi juani. Ofisa huyo huyo anaweza kupewa kazi ya kuwasilisha kikundi kimoja kutoka kila wilaya, na fomu yenye nafasi ya kuandika kikundi pale inapotaka jina la mtunzi.