Watoto Wadogo Wakati wa Likizo

Kila mwaka mwezi wa Juni, shule zinapofungwa, sisi wanafunzi wakubwa hufunga masanduku yetu na kurudi makwetu, na kila mmoja hujua kazi inayomngoja. Wengine husaidia katika mashamba ya mikorosho, wengine hujisomea kwa ajili ya mtihani. Lakini wadogo zetu wa miaka mitatu, minne, mitano na sita, hakuna awafikiriaye. Huambiwa tu, “Nendeni mkacheze huko,” kana kwamba kucheza ni kazi ya mtu asiye na kazi.

Nataka kueleza katika gazeti letu mtoto mdogo hujifunza nini anapocheza nje, na sisi kaka na dada twaweza kumsaidiaje. Mengine nimeyasoma, lakini mengi zaidi nimejifunza kwa kukosea, kama mtakavyoona.

Kwetu ni Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Likizo ya Juni niliachiwa watoto tisa uani kwa bibi yangu, maana wazee wote walikuwa wakiondoka alfajiri kwenda mashambani. Mmoja wao alikuwa mdogo wangu wa mwisho, mwenye umri wa miaka mitano. Mwezi wa Januari alikuwa ameanza darasa la awali, na siku zile za kwanza alikuwa akilala na daftari lake mkononi. Ilipofika Aprili alikuwa akilia kila asubuhi. Watoto walikuwa wengi darasani, nao walikaa chini kutwa wakiitikia yaliyosemwa ubaoni. Mama aliambiwa kuwa mtoto huyu ni mzito, hasemi neno, na yafaa arudie mwaka. Baba akaazimia kumlipia masomo ya ziada likizo nzima. Mimi nikamwomba baba aniachie kazi hiyo bure, nikijiona mwalimu hodari.

Siku ya kwanza niliwapanga watoto wote tisa mistari mitatu chini ya mwembe. Nikachukua fimbo, nikaandika irabu kwa mkaa juu ya ubao wa mlango uliovunjika, nikawataka waitikie. Asubuhi za Juni Newala kuna ukungu na upepo wa baridi, nao walitetemeka. Baada ya muda mdogo wawili walikuwa wamelala, mmoja analia, na watatu wametorokea nyuma ya nyumba. Mdogo wangu alikaa kimya akiniangalia mimi kama alivyokuwa akimwangalia mwalimu wake. Jambo hilo liliniuma.

Bibi alikuwa ameketi barazani na ungo wake. Akaniita kwa utani wake wa siku zote, “Mume wangu, unafundisha watu au unalinda mbuzi? Hebu walete hapa, mimi nina kazi.”

Kazi yenyewe ilikuwa kuchambua nafaka. Katika kikapu kimoja zilikuwa zimechanganyika mbaazi, kunde na njugu mawe. Bibi aliwapa watoto vifuu vitupu, akawaonyesha mara moja tu jinsi ya kutenga, kisha akanyamaza. Hakusahihisha wala hakusifu. Watoto wengine walichoka upesi wakaenda kuchimba mchanga, naye hakuwazuia. Lakini mdogo wangu hakuondoka. Alipokwisha kutenga fungu lake, alirudisha zote kikapuni akaanza tena. Bibi alipoona hivyo alimfunga macho kwa upande wa kanga, akamwambia atenge kwa vidole. Mtoto yule, aliyeitwa mzito, alitenga kwa vidole vitupu asikosee ila mara chache. Alipofunguliwa macho akasema kwa sauti, “Njugu mawe ni arobaini na moja.” Sisi hatukuwa tumemwambia ahesabu.

Niliporudi shuleni hapa Masasi nilimsimulia mwalimu wangu mmoja habari hii. Akacheka, akaniambia, “Bibi yako na Maria Montessori wangeelewana sana.” Kisha akanipa kitabu nikasome.

Maria Montessori alizaliwa Italia mwaka 1870, naye alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza nchini mwake kupata shahada ya udaktari, mwaka 1896. Kwanza alitibu na kufundisha watoto waliodhaniwa kuwa hawana akili, akaona kuwa wengi wao walikosa vitu vya kushika na kufanyia kazi. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto katika San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Wazazi wa mtaa ule walikuwa wakienda kazini mchana kutwa, na watoto wao wadogo walibaki peke yao wakichafua na kuharibu kuta za majengo. Basi tazameni jinsi jambo lile lilivyofanana na letu: wazazi wako kazini, na watoto hawana wa kuwaangalia.

Katika nyumba ile alimwona mtoto wa kike wa miaka kama mitatu akichomeka vipande vya mti katika matundu yake, akivitoa na kuvirudisha. Wenzake waliimba, na hata kiti chake kiliinuliwa juu ya meza, lakini hakuacha. Alirudia zaidi ya mara 40, kisha akaacha mwenyewe akitabasamu kama mtu aliyeamka usingizini. Hapo Daktari Montessori alijua kuwa mtoto mdogo ana uwezo mkubwa wa kukaza nia, bora apewe kitu kinachomfaa na mtu mzima asimkatize.

Mambo makubwa katika njia yake ni haya. Vifaa viwe vya kweli lakini vya kiasi cha mtoto: meza ndogo, fagio dogo, birika dogo. Mtoto achague kazi yake mwenyewe, na apewe muda mrefu bila kengele. Watoto wa miaka mitatu hadi sita wakae pamoja, ili mdogo amwige mkubwa, na mkubwa ajifunze upole. Mwalimu aonyeshe kidogo, atazame sana. Tena watoto wapate kutoka nje, wapande mbegu, wafuge wanyama, waguse udongo na maji. Mazoezi ya kutambua vitu kwa vidole huku macho yamefungwa, kama aliyofanya bibi, yamo pia. Montessori alifariki Uholanzi mwaka 1952, lakini shule za namna yake zimeenea dunia nzima. Hapa Tanzania pia viko vyuo vinavyofundisha walimu njia hiyo, na siku hizi katika miji mikubwa ya nchi nyingi ziko kambi za likizo ambazo wazazi hulipa fedha ili watoto wao wapate kuchimba mchanga na kupanda miti.

Niliposoma habari za kambi hizo nilicheka peke yangu. Mchanga tunao. Miti tunayo. Hata vifaa vya kiasi cha mtoto si vigeni kwetu: ni nani katika uwanda wa Makonde asiyejua kijembe cha mtoto kilichotokana na jembe kuukuu, au kinu kidogo na mchi wake? Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyefika Newala mwaka 1906, alipoandika habari za watu wa huku hakusahau vitu vya kuchezea vya watoto, kama vile pia. Na watoto wakubwa walikuwa na kambi yao porini tangu zamani, yaani jando, ambayo Wamakonde huita likumbi, ambako kijana alifundishwa kwa kutenda mbali na nyumba ya mama yake. Lakini watoto wadogo ninaowasema hapa hawajafikia umri huo. Shule yao ni uani.

Basi kinachotupungukia si vitu. Hupungua mambo matatu: muda, usalama, na mtu mzima mwenye subira.

Nianze na muda. Mchezo wa mtoto mdogo hauonekani kuwa na maana kwa anayepita. Hapa Masasi huwaona watoto jioni wakipanda majabali na kuteleza wakikalia matawi. Mpita njia husema wanachakaza nguo. Lakini mtazame mmoja wao vizuri: hupima kwa jicho mteremko ulivyo, hukumbuka wapi aliumia jana, humngoja mwenzake ashuke kwanza, hugombana naye na kupatana bila hakimu. Wale wanaocheza kombolela hujifunza kuhesabu na kutunza zamu. Wale wanaopikapika kwa vifuu hujifunza kipimo, maana mchanga wa kikombe kikubwa haumo katika kidogo. Ukimkatiza kila mara umtume dukani, hakuna fikira atakayoifikisha mwisho.

Hapa sina budi kusema habari za dada zetu. Mara nyingi msichana wa miaka minane au tisa hubebeshwa mtoto mgongoni tangu asubuhi, akawa yaya wa watoto wote, naye mwenyewe hachezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imewapa wazazi wajibu wa kuhakikisha kuwa mtoto anapata nafasi ya kucheza na kupumzika, na haikusema mtoto wa kiume tu. Sisi wavulana wakubwa tukiwa likizo twaweza kuwapokea mzigo huo. Mimi nilichekwa na wenzangu kwa siku mbili, kisha wakazoea.

La pili ni usalama. Likizo ya Juni huangukia majira ya kupuliza unga wa salfa katika mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na kazi hiyo huendelea mpaka Agosti. Unga huo huwasha macho na ngozi na haufai kuvutwa puani; kwa hiyo shamba linalopulizwa si mahali pa mchezo. Mafuta yaliyomo katika ganda la korosho huunguza midomo na vidole, basi watoto wasizing'ate wala kuzichoma bila mtu mzima. Kwetu Newala maji ya juu ya ardhi hakuna, na nyumba nyingi zina visima vya kuwekea maji ya mvua. Kila kisima kiwe na kifuniko ambacho mtoto hawezi kukiinua. Majani makavu yaliyorundikana chini ya mikorosho huficha nyoka, yafagiliwe kwanza. Na wanaokaa karibu na Shimo la Mungu, pale uwanda unapoporomoka kuelekea bonde la Ruvuma, hawahitaji kuambiwa kuwa ukingo ule si wa kuchezea. Mtu mzima akikagua uwanja mara moja asubuhi, hatakuwa na haja ya kupiga kelele mchana kutwa.

La tatu, subira, ndilo gumu. Bibi aliponifundisha kunyamaza, nilidhani ni jambo rahisi. Kumbe ni kazi. Mtoto wa shangazi wa miaka minne alipenda kumimina maji kutoka chombo hiki kwenda hiki. Nikamwacha. Bibi akaja juu, kwa sababu maji Newala si ya kumwaga. Tukampa mchanga mkavu na chupa yenye shingo nyembamba. Mchanga ulimwagika, mkono wangu ukawasha kutaka kumshikia ile chupa, nikaukalia. Siku ya nne aliijaza bila kumwaga, akaja kunishika mkono ili nikaone. Kama ningalimsaidia siku ya kwanza, chupa ingalijaa, lakini yeye asingalijua lolote.

Baba hakuridhika upesi. Alisema, “Mwanangu, mchanga hautamfaulisha mtihani.” Neno lake si la kubeza. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na mtoto aingiapo darasa la kwanza hutakiwa kusoma, kuandika na kuhesabu. Sisemi kuwa mchezo watosha peke yake. Nasema kuwa ndio msingi, na kwamba herufi zenyewe zaweza kupitia mlango huo huo. Katika likizo fupi ya Septemba nilijaribu jambo nililolisoma: Montessori alitengeneza herufi za karatasi ya msasa, watoto wazipapase kwa vidole viwili huku wakitamka sauti yake. Sisi tulitumia mchanga wa uani uliolowana umande. Mdogo wangu aliandika herufi ya kwanza ya jina lake, kubwa kama mkeka, akatembea juu yake kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho. Baba alisimama mlangoni akatazama. Hakusema kitu, lakini habari ya masomo ya kulipia haikutajwa tena.

Nisiwadanganye: mdogo wangu hajawa wa kwanza darasani. Bado huchanganya herufi mbili au tatu. Lakini mama ameniambia kuwa asubuhi haburutwi tena, na kwamba hujibu aulizwapo.

Basi wenzangu, likizo ya Desemba i karibu, na mvua zitakuwa zimeanza. Kila mmoja wetu atakuta uani watoto watano, sita au tisa. Fagieni uwanja, funikeni kisima, watafutieni vifuu, vijembe vidogo na mbegu za kupanda, kisha ketini mtazame. Na ninyi wazazi mtakaosoma gazeti hili, msituone wavivu mkitukuta tumekaa kimya kando ya watoto wanaochimba. Tutakuwa kazini.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu