Mtafiti, Simu na Kipimo cha Mvua

Utafiti wa kisayansi hujengwa juu ya kazi ndogo ndogo zinazorudiwa kila siku, kwa saa ile ile na kwa namna ile ile. Wengi hudhani kuwa mtafiti hushindwa kwa kukosa akili au vyombo. Mara nyingi kinachopungua ni umakini, yaani uwezo wa kuielekeza akili kwenye jambo moja mpaka likamilike. Katika makala haya tutaeleza jinsi mitandao ya kijamii inavyougusa umakini huo, faida na hasara za kuiacha kwa muda, na namna shule inavyoweza kulichunguza jambo hili yenyewe bila kuhitaji simu hata moja.

Siku ya mwanafunzi mtafiti

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyeweka kituo chake katika kata ya Endagikot, wilayani Mbulu, ili kuchunguza mmomonyoko wa udongo. Mwanafunzi huyu ni wa mfano tu, lakini kazi zake ndizo zifanywazo na watafiti wa aina yake. Nyanda za juu za Mbulu zina miteremko mingi, na wakulima wake hupanda mahindi, maharage na vitunguu saumu. Mvua kubwa ikiangukia udongo uliokwisha kutifuliwa, rutuba huteremka bondeni pamoja na maji.

Saa tatu kamili asubuhi mtafiti husoma kipima mvua. Saa hiyo haikuchaguliwa ovyo: ndiyo saa ya kawaida ya kusoma mvua ya siku nzima katika vituo vyetu vya hali ya hewa. Milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba, kwa hiyo kosa dogo la usomaji huwa kosa kubwa likitandazwa juu ya shamba zima. Baada ya hapo huchukua sampuli za udongo, huziandika namba na kuzianika. Mchana huzungumza na wazee, ambao wengi wao ni Wairaqw, kuhusu matuta, mifereji na mashamba waliyorithi. Jioni hunakili takwimu za siku, na usiku huandika sura ya tasnifu yake.

Je, ni nini hutokea akikosa kusoma kipimo siku moja? Kesho yake atakuta maji ya siku mbili yamechanganyika. Huenda jumla isipotee sana, lakini mgawanyo wake umepotea. Milimita 40 zilizonyesha kwa siku moja hubomoa udongo kuliko milimita 20 zilizonyesha leo na nyingine 20 kesho. Tofauti hiyo ndiyo aliyokuja kuitafuta, na hakuna chombo kitakachoirudisha. Mvua ya jana haipimwi leo.

Waliotangulia

Nchi ya Wairaqw imewahi kuwapokea watafiti wengi. Robert Thornton alichapisha kitabu chake juu ya Wairaqw mwaka 1980. Sarufi ya Kiiraqw iliyoandikwa na Maarten Mous ilitoka mwaka 1993. Yusufu Lawi, mwanahistoria Mtanzania, aliandika tasnifu ya uzamivu juu ya matumizi ya maliasili katika nchi hiyo, akaikamilisha mwaka 2000. Lowe Börjeson naye alitoa tasnifu juu ya historia ya kilimo cha Mbulu mwaka 2004, mwaka ule ule ambao Facebook ilianzishwa huko Marekani.

Hatusemi kwamba watafiti wa zama za barua walikuwa bora kuliko wa leo. Upweke wao ulikuwa na gharama zake, na swali moja kwa msimamizi liliweza kusubiri jibu kwa wiki nyingi. Mtafiti wa leo hutuma picha ya ufa wa shamba kwa WhatsApp na kujibiwa kabla ya chakula cha mchana. Kwa simu hiyo hiyo humlipa msaidizi wake, hupata habari ya msiba nyumbani na kutoa mchango wake. Kumwambia aitupe simu ni kumwambia ajitenge na jamii yake. Tatizo limo katika yale mengine yanayoingia kwa mlango huo huo.

Kwa nini ni vigumu kuacha?

Katika desturi zetu mgeni hupiga hodi, akangoja akaribishwe. Ujumbe wa mtandao haungoji. Huingia katikati ya hesabu na kudai kusomwa.

Mwaka 1957 wanasaikolojia Charles Ferster na B. F. Skinner walichapisha matokeo ya majaribio mengi waliyofanya kwa njiwa. Njiwa alidonoa kitufe, naye akapewa punje. Ilionekana kwamba punje zilipotolewa bila mpangilio unaoweza kutabirika, mara baada ya midonoo michache na mara baada ya mingi, njiwa alidonoa kwa bidii bila kupumzika. Hata punje zilipokatizwa kabisa, aliendelea kwa muda mrefu. Mtu anayefungua simu yake yuko katika hali inayofanana na hiyo. Mara nyingi hakuna jipya, lakini mara moja moja kuna habari njema au sifa kutoka kwa rafiki. Kwa kuwa hajui ni mara ipi, hufungua kila mara.

Hasara yake haiishii kwenye dakika zile za kusoma ujumbe. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akihama kutoka kazi moja kwenda nyingine kabla ya kuimaliza, sehemu ya fikra zake hubaki kwenye kazi ya kwanza, na ile ya pili huifanya kwa upungufu. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa mwanafunzi wa shahada za juu, ambaye hufanya kazi peke yake kwa miaka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 uliwahoji watu 2,279, wengi wao wanafunzi wa uzamivu, kutoka nchi 26. Asilimia 41 walionyesha dalili za wasiwasi wa kiwango cha kati au kikubwa. Hata hivyo msomaji makini atauliza: wahojiwa walipatikanaje? Walijitokeza wenyewe, na huenda wenye matatizo walijitokeza zaidi. Kwa hiyo takwimu hii yatuonya, lakini haitupi kipimo kamili cha wanafunzi wote.

Kuacha kwa muda huleta nini?

Yapo majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wanafunzi 143 waligawanywa kwa bahati nasibu, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2018. Kundi moja lilitumia mitandao mitatu kwa dakika 10 tu kila mmoja kwa siku, kwa wiki tatu. Kundi la pili liliendelea kama kawaida. Wale waliopunguza walipungukiwa upweke na huzuni. Lakini wasiwasi ulipungua katika makundi yote mawili, na huenda sababu ni kwamba wote walikuwa wakijichunguza matumizi yao. Bila kundi la kulinganishia, tungeusifia mfungo kwa kazi isiyo yake.

Jaribio kubwa zaidi liliongozwa na mwanauchumi Hunt Allcott na wenzake, likachapishwa mwaka 2020. Mwaka 2018, kabla ya uchaguzi wa Marekani, baadhi ya watumiaji walilipwa ili wafunge Facebook kwa wiki nne. Kwa wastani kila mmoja alipata dakika 60 kwa siku. Walikaa zaidi na jamaa na marafiki, na hali yao ya moyo ilitengemaa kidogo. Upande wa pili, ufahamu wao wa habari za nchi ulipungua. Tupige hesabu: dakika 60 kwa siku 28 ni saa 28, yaani siku tatu na nusu za kazi ya saa nane. Kwa mwanafunzi wa Endagikot, huo ni muda wa kutosha kuandika sehemu nzuri ya sura moja. Haba na haba hujaza kibaba, na hukipunguza pia.

Tusichanganye mapumziko haya na kukatika kwa mtandao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota katika Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo mtu hapumziki, huhangaika. Mapumziko yenye faida huchaguliwa, hutangazwa na huwa na mwisho unaojulikana. Mtafiti wetu atawaarifu msimamizi na jamaa kwamba wampigie simu kwa jambo la haraka, atazima arifa nyingine zote, kisha ataweka saa maalumu ya kusoma ujumbe, kwa mfano saa moja jioni, baada ya takwimu kunakiliwa.

Jaribio la darasani

Walimu wanaweza kuupima usumbufu kwa karatasi na saa tu. Chagueni habari mbili za kusoma zenye urefu na ugumu unaolingana, kila moja na maswali kumi. Gawanyeni darasa katika makundi mawili kwa kura. Siku ya kwanza kundi A lisome habari ya kwanza kwa utulivu. Kundi B, katika chumba kingine, lisome habari hiyo hiyo, lakini kila baada ya dakika tatu mwalimu ampe kila mwanafunzi kikaratasi chenye swali jepesi lisilohusika, ambalo lazima lijibiwe papo hapo. Siku ya pili tumieni habari ya pili, na makundi yabadilishane zamu.

Andikeni muda na makosa ya kila mmoja. Kisha ondoeni muda uliotumika kujibu vikaratasi. Kwa mfano, vikaratasi vinne vya sekunde 15 kila kimoja ni dakika moja. Kama wasumbuliwa walichelewa kwa dakika tatu, dakika mbili zilizobaki ndizo gharama ya akili kurudi mahali ilipoachia. Tafuteni wastani wa kila hali, mjadili: kwa nini makundi yalibadilishana zamu? Kwa nini tulipiga kura badala ya kuwaacha wanafunzi wajichagulie?

Anayejibu maswali hayo kwa haki ameanza kazi ya utafiti. Naye mwanafunzi wa shahada ya juu hana siri nyingine kubwa kupita hiyo: kuuliza, kupima kwa saa yake, na kukilinda kipimo kile dhidi ya kila kinachomwita pembeni.