Vuli, Mvua Fupi na Lugha ya Utabiri wa Majira katika Meru na Embu

Kila mwaka, mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutangaza mtazamo wa mvua za Oktoba, Novemba na Desemba. Mtazamo huo huandikwa kwa Kiingereza, kisha huwafikia wakulima wa Meru, Tharaka na Embu kwa Kiswahili na kwa lugha zao wenyewe, kwa njia ya redio, mabaraza ya machifu na maofisa wa kilimo. Katika safari hiyo maneno machache hubebeshwa mzigo mkubwa: fupi, wastani, itanyesha. Kila mojawapo laweza kumfanya mtu anunue mbegu isiyofaa. Kwa hiyo jambo hili, ambalo kwa desturi huachiwa wataalamu wa anga, ni suala la istilahi na la sarufi pia.

Yafaa kwanza nchi yenyewe ieleweke. Mlima Kenya, ambao Wameru huuita Kirimara, una kimo cha mita 5,199. Upande wake wa mashariki na kusini-mashariki ardhi huteremka kutoka msituni hadi mashamba ya chai, kisha ya kahawa, kisha ya mahindi, na mwisho hufika nchi kavu ya Mbeere na Tharaka, penye mtama, uwele, kunde na ndengu, karibu na mto Tana. Mwezi wa Septemba pepo za kusi huanza kulegea. Ukungu na manyunyu ya Juni hadi Agosti huondoka miteremkoni na jua hupata nguvu. Ukanda wa mvua, mahali zinapokutana pepo za kusini na za kaskazini, huwa unarudi kutoka kaskazini kuelekea kusini. Unapokaribia ikweta, unyevu wa Bahari ya Hindi husukumwa bara, hugonga mlima na vilima vya Nyambene, hupanda, hupoa na kuwa mvua. Kwa kawaida mvua hizo huanza kushika katikati ya Oktoba au baadaye kidogo, huwa nyingi zaidi Novemba, na hupungua Desemba.

Mvua hizo zina majina mawili katika Kiswahili cha Kenya. La kwanza ni vuli, neno la pwani lenye umri mkubwa, ambalo hukaa pamoja na masika, kiangazi, kipupwe na demani katika mpangilio mmoja wa majira ya kusi na kaskazi. La pili ni mvua fupi, ambalo ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza. Huko Mombasa majina yote mawili hayana kosa, kwani masika ndiyo mvua kubwa na vuli ni ndogo. Lakini katika mji wa Meru hali ni kinyume: mvua ya Oktoba hadi Desemba kwa kawaida hupita ile ya Machi hadi Mei. Katika Mbeere na Tharaka nako, mvua za mwisho wa mwaka ndizo zinazotegemewa zaidi kwa mazao. Hivyo basi, mkulima huambiwa kwamba mvua iliyo tegemeo lake ni “fupi”, na ile inayomponyoka mara nyingi ni “ndefu”.

Lugha za jirani hazikuingia katika mtego huu. Wagikuyu hutaja majira ya kupanda kwa mazao yake: majira ya njahi, yaani fiwi, kwa mvua za Machi, na majira ya mwere, yaani uwele, kwa mvua za Oktoba. Majina ya namna hii hayapimi mvua wala hayailinganishi na nyingine. Humwambia mtu ni mbegu gani iingie udongoni. Neno vuli nalo halisemi lolote juu ya urefu. Udhaifu wake ni mwingine: watafsiri wa vitabu vya Ulaya hulitumia pengine kwa majira ya kupukutika majani, ambayo hayapo kabisa kwenye ikweta. Hata hivyo, likiambatanishwa na majina ya miezi, vuli ni neno salama kuliko mvua fupi.

Tatizo la pili ni neno wastani. Katika utabiri, mvua za miaka mingi iliyopita hupangwa kutoka ndogo hadi kubwa, kisha hugawanywa mafungu matatu yaliyo sawa: chini ya kawaida, kawaida, na juu ya kawaida. Pasipo habari yoyote ya ziada, kila fungu lina nafasi ya thuluthi moja. Mtazamo ukisema kuwa fungu la juu lina asilimia 45, la kati asilimia 35, na la chini asilimia 20, maana yake ni kwamba mizani imeelemea upande wa mvua nyingi, lakini katika miaka mitano ya namna hiyo mmoja waweza kutazamiwa kuwa mkavu. Isitoshe, wastani wa Mbeere si sawa na wastani wa Runyenjes. Msikilizaji anayelielewa neno wastani kwa maana ya “kiasi cha kutosha” atapanda mahindi ya muda mrefu mahali ambapo hata wastani wenyewe hauyatoshi.

Tatizo la tatu ni la sarufi. Kiambishi -ta- ni chepesi na kifupi, nacho hupendwa na watangazaji: “mvua itanyesha kwa wingi”. Kwa kiambishi hicho uwezekano hugeuka kuwa ahadi. Kiswahili hakina upungufu wa njia za kueleza kadiri za uhakika. Kina hapana budi, yaelekea, yamkini, huenda na labda. Kinachokosekana ni makubaliano ya kulifungamanisha kila neno na kiwango maalumu cha asilimia, ili yaelekea ya Septemba hii iwe na uzito ule ule wa Septemba ijayo.

Mfano wa nne unahusu kupanuka kwa maana. Mvua kubwa za mwaka 1997 zililiingiza neno Elnino katika vinywa vya watu wote nchini, na tangu hapo limekuwa sawa na gharika. Lakini Elnino ni kupata joto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki, wala si mvua yenyewe. Mwaka 2015 Elnino ilikuwa na nguvu, lakini mvua za Kenya hazikufikia zile za 1997. Mwaka 2019 mvua zilizidi mno bila Elnino, kwa kuwa magharibi ya Bahari ya Hindi kulikuwa na joto kuliko mashariki yake. Mwaka 2023 hali zote mbili zilikutana, na mafuriko yakafuata ukame wa misimu mitano iliyoshindwa mfululizo tangu mwisho wa 2020. Kumwuliza mtabiri “Elnino itakuja au haiji?” ni kuuliza swali ambalo jibu lake halimwelekezi mkulima.

Hatimaye kuna jina la eneo. Katika taarifa za taifa, Meru na Embu huwekwa katika kundi la nyanda za juu mashariki ya Bonde la Ufa. Mtu wa Mbeere, aliye ndani ya Kaunti ya Embu lakini chini kabisa ya mlima, hupokea hivyo habari za nyanda za juu. Taarifa za kaunti, zinazotolewa baada ya ile ya taifa, huweza kuziba pengo hilo, mradi zitaje sehemu kwa majina yake.

Kazi iliyobaki ni ya wanaisimu na watabiri kwa pamoja, nayo si kubwa: vuli itajwe kwa miezi yake, mvua fupi iachwe, wastani ufafanuliwe kwa kila sehemu, na maneno ya uwezekano yapewe viwango vya kudumu. Mkulima wa Tharaka hupanda mara nyingi udongo ukiwa bado mkavu, ili tone la kwanza lisipotee. Wakati huo hana mvua ya kuitazama. Alicho nacho ni maneno tu.