Gia Zikigoma: Jua Tatizo Kabla ya Kulipa Fundi

Baadhi yetu tukifika hapa Marekani tunanunua pikapu kuukuu ya gia za mkono. Inabeba vifaa vya kazi, na gia za mkono tulizizoea tangu nyumbani. Shida huanza siku gia zinapokataa kuingia.

Mwaka wangu wa pili hapa, pikapu yangu ilianza kukwaruza kila nilipoweka rivasi. Fundi mmoja aliizungusha mtaani mara moja akasema giaboksi imekufa, nilipe dola 2,300. Nilikaribia kukopa. Mzee mmoja wa kwetu, dereva wa malori wa zamani, akaniambia nifungue boneti kwanza. Kopo la mafuta ya klachi lilikuwa karibu tupu, na silinda ya chini ilikuwa inavuja. Matengenezo yalikuwa dola 160. Giaboksi ilikuwa nzima.

Klachi, ambayo wengine tunaiita ambriyaji, kazi yake ni kutenganisha injini na giaboksi unapobadili gia. Isipotenganisha vizuri, gia hukwaruza hata kama giaboksi haina kosa. Kwa hiyo, kabla hujatoa pesa, fanya majaribio haya mahali tambarare, pasipo na watu mbele wala nyuma ya gari.

1. Zima injini, vuta breki ya mkono, kanyaga klachi na upitie gia zote. Kisha washa injini, gari likiwa limesimama na mguu wa pili ukiwa kwenye breki, urudie. Zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa lakini zikakataa ikiwa imewashwa, klachi haiachii. Angalia mafuta yake, uvujaji, au waya wake kama gari linatumia waya. Zikiwa ngumu hata injini ikiwa imezimwa, tatizo huenda liko kwenye mtambo wa mkono wa gia au ndani ya giaboksi.

2. Injini inanguruma lakini gari haliongezi mwendo, hasa mlimani au likiwa na mzigo? Klachi inateleza. Ili kuhakikisha, vuta breki ya mkono kwa nguvu, kanyaga na breki ya mguu, weka gia ya tatu, kisha achia klachi polepole. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kuunguruma, klachi imelika au imelowa oili. Fanya mara moja tu, usije ukaiunguza.

3. Sikiliza gari likiwa nyutro. Kelele ikianza unapokanyaga klachi, shuku beringi ya klachi. Ikisikika mguu ukiwa juu na kunyamaza unapokanyaga, shuku beringi ya giaboksi.

4. Ikikwaruza gia moja tu, kwa mfano ya pili, na nyingine ziko sawa, huenda pete za kusawazisha mwendo wa gia hiyo zimelika. Hilo ni la ndani ya giaboksi. Hata hivyo, omba fundi apime kwanza kiwango cha oili ya giaboksi.

Rivasi ni jambo la peke yake. Kwenye magari mengi haina pete hizo, kwa hiyo simamisha gari kabisa, kanyaga klachi, hesabu hadi tatu, ndipo uiweke.

Mafuta ya klachi yakipungua, ongeza aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo. Usitie oili ya injini, itaharibu mipira ya ndani. Kwenye baadhi ya magari kopo hilo ni la breki pia, kwa hiyo uvujaji usiuache hata siku moja.

Ukienda gereji, usiseme tu "gia mbovu." Eleza ni gia ipi, injini ikiwa imewashwa au imezimwa, na kelele inatokea lini. Fundi akiona unajua ulichokiona, atatafuta tatizo lenyewe. Omba makadirio ya gharama kwa maandishi kabla hajafungua kitu, na usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Ilete ofisini kwetu tuisome pamoja, au tumpigie fundi simu ukiwa umekaa hapa.

Na ukiendesha, usipumzishe mguu kwenye pedali ya klachi, wala usilishikilie gari mlimani kwa klachi. Tumia breki. Klachi itadumu, na akiba yako pia.