Gundi ya Zulia la Boti na Hatari Iliyojificha Ngamani

Zulia huzuia mguu kuteleza kwenye sitaha ya boti, ila halikai imara pasipo subira ya fundi. Kwanza ubao ukaushwe barabara, kwani maji yaliyofungiwa chini ya zulia huuozesha. Gundi, ya jamii ile watumiayo washona viatu, hupakwa ubaoni na mgongoni mwa zulia, kisha huachwa hadi ukiigusa hainati kidoleni. Pande hizo zikikutana, hakuna kusogeza tena. Anzia katikati, ukikandamiza kuelekea kingoni.

Hatari, ndugu msomaji, imo katika mvuke wake. Ni mzito kuliko hewa. Huteremka ngamani na kutulia humo, ukingoja cheche ya betri au sigara. Aidha, hulevya. Basi vifuniko viachwe wazi, swichi zizimwe, na watoto waliokuja kumsaidia baba wabaki ufukweni.