Sayari ya Tanzanite: tunaipimaje bila kuiona?

Kwetu Singida, usiku usio na mwezi, nyota zinajaa mpaka unachoka kuhesabu. Ninayotaka kukueleza leo haionekani kwa macho matupu. Inaitwa Mpingo, na sayari inayoizunguka inaitwa Tanzanite. Majina hayo yalitoka Tanzania mwaka 2019, Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulipozialika nchi kutoa majina. Kitaalamu ni WASP-71.

Sasa, sayari yenyewe hakuna aliyeiona. Kinachopimwa ni mwanga wa nyota, unaopungua kidogo kila baada ya siku 2.9, sayari ikipita mbele yake. Fikiria kumbikumbi akikatiza taa ya bodaboda iliyo mbali: mdudu humwoni, lakini mwanga umepungua.

Unapungua kama sehemu 1 kati ya 225, yaani haifiki hata nusu ya asilimia. Kwa kuwa zote mbili tunaziona kama duara, tafuta kipeuo cha pili: 15. Maana yake ukipanga Tanzanite 15 kwenye mstari, unapata upana wa Mpingo. Hesabu ya sekondari tu!

Uzito ni habari nyingine. Sayari huivuta nyota, nyota ikayumba, na rangi za mwanga wake zikasogea kidogo sana. Hapo ndipo ikajulikana kuwa Tanzanite ni nzito zaidi ya mara mbili ya Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote za Jua letu.

Ila angalia: ile 15 ni uwiano tu. Kilomita zake zinategemea upana wa Mpingo, nao tumeukadiria. Ukikosea nyota, na sayari umeikosea.