Neno "Uwongo" katika Maelezo ya Jaji kwa Wazee wa Baraza

Katika kesi za kuua zisikilizwazo na Mahakama Kuu mjini Moshi, jaji haketi na jopo la raia kumi na wawili kama ilivyo desturi ya Uingereza. Kwa miaka mingi aliketi na wazee wa baraza, ambao maoni yao hayakumfunga, lakini ambao alipaswa kuwafafanulia mambo yote yenye uzito kabla hawajayatoa. Tangu mwaka 2022 kuwapo kwao si lazima tena. Hata hivyo onyo juu ya uwongo wa mshtakiwa halikuondoka, kwani jaji aliye peke yake hana budi kujionya mwenyewe.

Onyo hilo lapatikana katika kesi ya Lucas, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1981. Uwongo wa mshtakiwa hautilii nguvu ushahidi dhidi yake ila uwe umesemwa kwa kusudi, uhusu jambo la msingi, utokane na kutambua kosa na kuogopa ukweli, tena uthibitishwe kwa ushahidi usiotoka kwa yule anayehitaji kutiliwa nguvu.

Hapo ndipo lugha iletapo taabu. Mtu akiambiwa kwamba basi limeondoka, naye analiona bado limesimama, hujibu "Uwongo!" bila kumtuhumu mwenziwe kwa hila yoyote. Kusudi, basi, halimo ndani ya neno lenyewe. Tena uwongo na mwongo ni jirani mno: hubadilika kiambishi tu, na tendo la siku moja limekuwa tabia ya mtu.

Chukuliwe mfano wa kubuni. Mkulima wa Kibosho awaambia polisi kwamba usiku wa mauaji alikuwa akielekeza maji ya mfongo kihambani kwake. Mashahidi wasema alikuwa kilabuni akinywa mbege. Huenda alimwogopa mkewe, au alichanganya siku za zamu. Lakini mzee wa baraza wa mlimani, ajuaye kwamba zamu ya maji haisahauliki upesi, atamwona kuwa mwongo, na kutoka mwongo hadi muuaji ni hatua fupi. Ujuzi ule ule uliomfanya mzee afae kuketi barazani ndio unaompoteza, na adhabu iliyo mbele ya mshtakiwa ni kunyongwa.

Yafaa, kwa hiyo, jaji aseme "maelezo yasiyo kweli" mpaka kusudi lithibitike, ndipo alitumie neno "uwongo"; nalo neno "mwongo" aliache kabisa.